Barua kutoka kilima cha Mulago

Dada Mwanaidi,

Nimefika Kampala salama, na leo asubuhi nimepanda bodaboda hadi Mulago, hospitali ile niliyokuwa nikikuhadithia kila mara. Kilima kina shughuli! Ndugu wa wagonjwa wanapanda na vyombo vya chakula, mikeka kwapani, watoto mgongoni.

Hapa ndipo mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alipoitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akakutana na mwingine Jinja, hali ile ile. Uvimbe huo ulikuwa saratani, nayo ikaja kuitwa kwa jina lake. Ila mimi nimeletwa na habari za mwingine, Anthony Epstein, mtaalamu wa patholojia wa London. Machi 1961 alikwenda kumsikiliza Burkitt katika Hospitali ya Middlesex. Aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na yeye alikwisha kuchunguza kirusi cha saratani ya kuku, akahisi hapa napo pana kirusi.

Basi vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Dada, miaka ikapita, hadubini ya elektroni haimwonyeshi kitu! Desemba 1963 ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Chupa yenye vipande ilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angedhani ni bakteria, akamwaga. Yeye alichukua tone, akalitazama, akakuta seli hai zinaelea, zimejing'oa kwenye nyama. Yeye na msaidizi wake, Yvonne Barr, wakafaulu kuzikuza. Tarehe 24 Februari 1964 akaviona virusi ndani ya seli. Alizima mashine, akatoka kutembea kwenye theluji bila koti hadi moyo ulipotulia. Hapo ndipo nampenda kabisa mzee huyu.

Makala yao katika jarida la Lancet, Machi 1964, ina majina matatu: Epstein, Barr na Bert Achong wa Trinidad. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Achong kuachwa kunaniuma, na zaidi mtoto wa Uganda aliyetoa seli zile. Bila yeye, London wangetazama nini?

Leo inajulikana kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki, wengi bila madhara yoyote. Huku kwetu malaria ya mara kwa mara humpunguzia mtoto kinga, saratani ikapata njia. Epstein alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102.

Nimepita pia Taasisi ya Saratani ya Uganda, papo hapo kilimani. Ilianza mwaka 1967 kwa kutibu watoto wenye uvimbe huu huu, na wengi hupona wakiwahishwa dawa. Waambie majirani: taya la mtoto likivimba ghafla, wasingoje.

Kesho naelekea Jinja. Njiani nitashuka Namawojjolo ninunue kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, kisha nitakuandikia tena.

Nisalimie mama na watoto.

Mdogo wako,
Salma