Si pepo, si ujeuri: mambo yanayomgeuza binti yetu

Mwezi huu tunaandika sisi jamaa ya nyumba moja, baba, mama na watoto wakubwa, juu ya binti wa marehemu dada yetu tunayeishi naye. Mwenyewe ametukubalia, ila jina lake tuliache.

Majirani mnamjua. Asubuhi anatwanga sombe na kucheka na kila mtu. Mchana mnamkuta amejikunja nyuma ya nyumba, anaongea kama mtoto wa miaka sita, hata mama mdogo wake hamtambui. Jioni sauti imekuwa nzito, amesimama mlangoni kama mlinzi, hataki mtu amguse. Kesho yake ukimuuliza, hakumbuki kitu. Basi maneno yamekuwa mengi: huyu anasema ana pepo, yule anasema anajifanya ili apate msaada.

Daktari wa akili alitueleza hivi. Mtoto mdogo hazaliwi na nafsi iliyokamilika, inajengeka polepole. Akiteswa mara kwa mara kabla haijashikana, na hana pa kukimbilia, akili yake inaweza kuyagawa yale mateso mafungu mafungu ili aendelee kuishi. Kila fungu linabaki na kumbukumbu zake, sauti yake na umri wake. Zamani uliitwa ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walibadili jina, kwa sababu si watu wengi ndani ya mwili mmoja, ni mtu mmoja aliyegawanyika. Binti yetu alishikwa na watu wenye silaha kule Kivu pamoja na mama yake, kuanzia 2009 hadi 2011. Aliingia porini akiwa na miaka mitano, akatoka na saba.

Sasa, kwa nini anageuka leo na jana hakugeuka? Daktari alitushauri tuwe na daftari. Kila anapogeuka tuandike saa, mahali, nani alikuwepo na nini kilitangulia. Baada ya miezi mitatu tukaanza kuona njia. Harufu ya kanyanga ikipita tu na upepo, anakuja yule mtoto. Tochi ikimmulika usoni usiku, hivyo hivyo. Mwanamume akipaza sauti kwenye foleni ya posho, au mtu akimshika bega kutoka nyuma, anatoka yule mlinzi. Mtoto mchanga akilia, anakuja mwingine mpole, anabembeleza kama bibi. Siku za njaa, za homa au za kukosa usingizi, kitu kidogo tu kinatosha. Na kuna siku hatuoni chochote: kumbe ni ndoto au wazo lililompitia kichwani.

Dalili za mbele zipo pia. Anakodoa macho mahali pamoja, anapepesa sana, analalamika kichwa. Ukiona hivyo, jua mlango unafunguka.

Mtauliza, na mapepo je? Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi Mbarara, Uganda, walichapisha matokeo yao. Walilinganisha watu 119 ambao waganga wa kienyeji walisema wana mapepo, na wengine 71 wasio nayo. Wale 119 walikuwa wameonja mambo ya kutisha zaidi kuliko wenzao. Sisi ni watu wa kusali na hatuachi kusali. Lakini tuliombwa tumpeleke mahali akafungwe kamba, afungishwe chakula siku tatu. Tulikataa. Kamba na njaa ndizo alizozijua porini! Ukimfunga humtoi pepo, unamrudisha kulekule, na yule mlinzi lazima atoke apigane.

Jambo hili lina uzito hata mbele ya meza za ofisi. Mwaka 2023 aliitwa mahojiano kwenye ofisi moja. Mlango ukafungwa, mwanamume akamuuliza kwa ukali, akajibu kwa sauti ya kitoto, miaka akaitaja mingine kabisa. Ikaandikwa kwamba maneno yake yanapingana. Tulipeleka barua ya daktari, tukaomba mwanamke amuulize, mlango ubaki wazi, apumzike katikati. Mara ya pili alimaliza habari yake yote, kwa sauti yake mwenyewe.

Nyumbani tunafanya hivi. Hatumwamshi kwa tochi, tunamwita kutoka mbali. Akigeuka hatumkemei wala hatumcheki. Tunasema taratibu: "Leo ni Jumanne. Uko kambini, uko kwetu. Porini kumekwisha." Tunampa maji baridi anawe mikono, ashike kitu anachokijua. Yeyote aliyekuja tunamsalimu kwa heshima, maana wote ni yeye. Hatumwiti mmoja aje ili wageni waone. Na ninyi vijana mnaomjaribu kwa tochi mpate kucheka, tunawasihi muache. Kila mkimgeuza, kuna saa za maisha yake mnazozifuta.

Dawa ya kumaliza ugonjwa wenyewe hakuna. Vidonge vinasaidia usingizi na huzuni tu. Tiba ni mazungumzo na mshauri, ya muda mrefu. Tena si kila anayepotewa na fahamu ana ugonjwa huu: kuna kifafa, kuna malaria kali, kuna hofu ya vita inayorudi. Mpelekeni mgonjwa wenu zahanati apimwe kwanza.

Haba na haba hujaza kibaba. Zamani daftari lilijaa kurasa nne kwa juma, sasa hazizidi mbili. Wazazi wenye mtoto wa namna hii, karibuni kwetu mlione. Mtaanza na swali moja tu: kabla hajageuka, kulikuwa na nini?