Mokambo: Bezi ya homu sinema na usingizi wa jirani

Mokambo ni mji wa mpaka. Ng'ambo ni Mufulira, nchini Zambia, na malori yanapita kila siku. Wakaaji wamezoea kelele. Lakini iko kelele moja ambayo wengi hawajaizoea: ule mngurumo wa chini wa homu sinema ya jirani, unaopita ukuta wa matofali, unaotikisa malata ya nyumba, na kufika kitandani bila maneno ya filme.

Katika lupango moja, mngurumo huo ulileta shida kubwa kuliko kukosa usingizi. Mwenye lupango ana homu sinema ya bafle tano ndogo na sabufa moja. Katika nyumba ndogo ya nyuma anakaa mama mmoja na watoto wake, waliokimbia Goma baada ya M23 kuingia katika mji ule mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Kila filme ya vita ilipochezwa, mtoto mdogo aliingia chini ya kitanda. Mama alivumilia majuma mengi, kwani mtu aliyepewa nafasi ya kulala anaona haya kulalamika. Mwishowe alisema: « Papa, filme haina mubaya. Ni ile kuguruma. Batoto banawaza ni bombe. »

Papa alisikia vibaya sana. Akapunguza sauti yote. Sasa watu wa sebuleni hawakusikia maneno vizuri, na kule nyuma mngurumo ulifika bado. Ndipo alipomwita fundi wa mtaa.

Fundi hakufungua hata parafujo moja. Alifungua menyu ya ampli kwenye televizyo, akaonyesha mahali palipoandikwa kwa Kifaransa kwamba bafle zote ni « Grande ». Papa alishangaa: bafle zake zinashikika kwa mkono mmoja, nani aliziita kubwa? Mashine yenyewe inaweza kuandika hivyo inapojipima. Tena neno hilo halisemi urefu wa sanduku. Linauliza kitu kimoja: je, bafle hii inaweza kubeba bezi yote? Ukiandika « Grande », ampli inaipelekea kila sauti, hata ile ya chini kabisa. Bafle ndogo haina nguvu hiyo. Inatetemeka, inakoroma, na maneno yanaharibika. Ukiandika « Petite », ampli inakata bezi na kuipeleka kwa sabufa, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Kisha iko namba ya kukatia. Sauti inahesabiwa kwa hezi, yaani mitikisiko kwa sekunde moja. Watengenezaji wengi wanaanzia hezi 80. Bafle ndogo sana zinaweza kuhitaji 100 au 120. Kupanda zaidi si vizuri: sauti ya mwanaume anayesema inaanzia karibu hezi 85 hadi 180, kwa hiyo ukikata kwa 200, msoma habari ataongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Kama sabufa yenyewe ina kitufe chake cha kukata, kizungushwe hadi mwisho wa juu, ili ampli peke yake ifanye kazi hiyo.

Jambo la tatu ni kiasi. Kitufe cha nyuma ya sabufa kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Fundi alikirudisha katikati, na katika menyu akashusha sabufa kidogo kidogo hadi maneno yakatoka mbele.

La nne ni mahali. Sabufa ilikuwa kwenye pembe ya chumba, imegusa ukuta wa upande wa nyumba ya nyuma. Pembe inazidisha bezi. Ikasogezwa upande mwingine na kuwekwa juu ya kipande cha godoro, ili isitikise sakafu. Papa aliuliza kama pazia zito lingetosha. Hapana. Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya metre 8, kuliko chumba chenyewe. Pazia linapunguza sauti za juu tu, bezi inapita.

Iko faida nyingine kwa wale wanaotumia batri ya jua wakati moto wa SNEL unakatika. Bezi ndiyo inakula nguvu nyingi. Ikishuka, batri inadumu zaidi.

Vijana wa nyumba hawakufurahi. Kwao, filme bila kishindo ni kama bukari bila mboga. Baba yao akakata shauri hivi: mchana wa siku ya posho, wakati watoto wa nyuma wako nje, bezi inaweza kupanda kidogo. Kuanzia saa mbili usiku, inawekwa ile hali ya ampli inayoitwa « Nuit », ambayo inashusha vishindo na kupandisha maneno ya chini. Na kabla ya filme ya vita, kijana mmoja anaenda kumjulisha mama.

Mtoto bado anashtuka mara nyingine. Namba za ampli haziwezi kuondoa yale aliyoyasikia Goma. Lakini sasa mama yake anaingia sebuleni saa ya habari, anakaa karibu na mlango, na majina ya vijiji vya kwao yanasikika wazi, moja kwa moja.

Kwa mwenye redio ya kawaida yenye kitufe kimoja tu cha bezi, kazi ni fupi: kirudishe katikati, ondoa sanduku kwenye pembe, kisha toka nje usimame mlangoni kwa jirani, usikilize kutoka pale.