Sahani ya Idi Machakos

Idi iliyopita hatukuisali Mombasa. Mama yetu mkubwa, aliyeolewa Machakos miaka mingi, alikuwa bado amekaa eda, na mwenye eda hasafiri. Basi tukamwendea sisi. Tulishuka basi Kyumbi, tukapanda matatu hadi mjini, milima ya Iveti ikitukabili, na baridi ambayo watoto wetu hawakuizoea.

Mji huu wa Masaku si mgeni kwa watu wa pwani. Misafara yetu ilipita Ukambani kabla ya reli, na reli ilipokuja ikauacha kando. Lakini Waislamu ni wachache, na mkesha wa Idi hauna harufu ya ubani vichochoroni kama kwetu.

"Mwaka huu sina Idi, wanangu," alituambia. Marehemu alizipenda mno biskuti zake za kubandikana mbili mbili, zenye maziwa mazito ya sukari katikati. Watu wa Argentina huziita alfajores, jina lenye asili ya Kiarabu cha Andalusia.

Hatukubishana naye. Tuliteleka lita 1 ya maziwa kwa robo kilo ya sukari na chembe ya magadi. Mazungumzo yakatusahaulisha mwiko, maziwa yakashika chini. Harufu ndiyo iliyomtoa chumbani.

"Mwageni hayo. Makaa yawe machache, na mwiko usisimame."

Mara ya pili alikaa mwenyewe kwenye kigoda, akakoroga kwa zaidi ya saa nzima, hata rangi ikawa ya asali iliyokoza, na mwiko ukipita huacha njia isiyojifunga upesi. Sisi tulikanda unga wa ngano na wanga wa mahindi sawa kwa sawa, kwa siagi, sukari na viini vya mayai. Biskuti hutolewa motoni zingali nyeupe, wala hazijazwi kabla ya kupoa.

Sahani ya kwanza hakuiweka mezani. Aliifunika kitambaa, akampa mtoto aipeleke kwa jirani, mama wa Kikamba, Mkristo, ambaye tangu siku ya mazishi humletea maziwa kila asubuhi na hakubali kulipwa. Ni maziwa yake tuliyoyaunguza, na ni maziwa yake tuliyoyajaza.

Sahani ilirudi na maembe matatu. Mama mkubwa akacheka, kicheko cha kwanza tangu tufike.

Wasomaji wetu, mwenye eda hawezi kuja kwenu. Mwendeeni.