Ukuta wa Kuze na Matope ya Bahari

Labda, ndugu msomaji, umepata kupita Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ukaziona nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Katika nyumba moja ya namna hiyo mama yangu amekaa tangu aolewe, nami nilimharibia ukuta wake.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, elimu imenijaa kichwani. Chokaa ya ukuta ilikuwa imepukutika, na fundi mzee akataka kupaka chokaa nyingine. Nikakataa, nikaagiza saruji, kwa kuwa saruji ina nguvu zaidi. Haikupita masika ya pili ila saruji ilibanduka mapande mazima, ikang'oka pamoja na mawe. Unyevu na chumvi vilikuwa ndani ya ukuta, nayo saruji iliviziba njia. Chokaa ingaliviachia vitoke. Mama hakunigombeza. Alifagia tu.

Tangu hapo nikawa na hamu ya kujua jinsi vitu laini vinavyogeuka kuwa vigumu. Nilisoma kwamba huko Japani, ulipojengwa baharini uwanja wa ndege wa Nagoya, uliofunguliwa mwaka 2005, matope yaliyochimbuliwa bandarini yalichanganywa na saruji huku yakisukumwa kwa hewa ndani ya mabomba, yakawa ardhi. Nasi Kilindini yetu imechimbuliwa pia, mwaka 2011 na 2012, ili meli kubwa zipite.

Basi nikachota matope ufukoni, nikayafinyanga katika mikebe ya maziwa, mengine kwa saruji, mengine bila. Nikayafunika kwa gunia bichi siku 28, kisha nikayatwika mawe. Bonge lisilo saruji lilibonyea tangu jiwe la kwanza. Lenye saruji halikutikisika hata kwa mawe sita. La saba likalipasua ghafula. Viungo vidogo vya saruji vishikavyo chembe za udongo huvumilia mpaka kikomo chao, kisha huvunjika, na nguvu huporomoka. Bonge jingine, lenye saruji ile ile lakini maji mengi zaidi, lilishindwa kwa jiwe la tatu.

Mama alikuja kutazama, akaokota kipande.

"Na hiki utakipaka ukutani?"

"La, mama. Fundi mzee nimekwisha kumwomba radhi. Atakuja Jumamosi na chokaa yake."