Uwanja wa Wilson: Leseni si Mwisho wa Gharama

Nilipopata likizo nilipanda basi la usiku kutoka Kampala hadi Nairobi kumtazama binamu yangu. Shangazi aliuza kiwanja ili mwanawe apate leseni ya urubani binafsi, nasi jamaa tukashangilia tukidhani gharama zimekwisha. Safari hii shangazi alinikabidhi bahasha: fedha za karanga, kijana azitumie "mpaka mshahara wa ndege uanze".

Uwanja wa Wilson uko kando ya Barabara ya Lang'ata, nao umepakana na mbuga ya wanyama. Ulipewa jina hilo mwaka 1962 kwa heshima ya Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929. Hapa huondoka ndege za watalii waendao Maasai Mara na zile za madaktari warukao. Miongoni mwake zimo ndege ndogo za watu warukao kwa burudani.

Binamu yangu alinionyesha Cessna 172 yenye viti vinne, akanifanyia hesabu. Injini hunywa yapata lita 33 za petroli ya ndege kwa saa. Arukaye saa moja tu kila mwezi atateketeza lita 400 hivi kwa mwaka. Mwenye kukodi hulipa kwa saa ya injini, nayo huhesabu hata ndege inapongoja zamu chini. Mwenye ndege yake hulipia maegesho, bima, na ukaguzi wa mafundi, iruke isiruke. Cheti cha daktari nacho huisha muda. Tena, rubani asiyeruka na kutua mara 3 katika siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Akikaa nyumbani kubana matumizi, mkono nao husahau.

"Na mshahara?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Kaka, leseni hii hairuhusu kulipwa. Ya biashara ni nyingine, na masomo yake yana bei yake. Mama sikumweleza."

Nikampa bahasha. Aliishika kitambo, huku ndege moja ikipaa juu ya uzio, kisha akanirudishia bila kuifungua. "Mrudishie mama. Mimi ni karani. Nitaruka saa chache kwa mshahara wangu, na mwezi nitakaokosa nitakosa. Mwisho wa mwezi nitakwenda mwenyewe kumweleza."

Nilirudi na bahasha ile. Shangazi alizihesabu fedha zake mara mbili, asiseme neno.

Ndugu msomaji, nawe huenda unaweka akiba kwa ajili ya pikipiki, cherehani au masomo ya mtoto. Kabla hujauza shamba, usiulize bei ya kupata tu. Uliza pia bei ya kutunza, na kazi yenyewe itarudisha nini. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Lakini leseni ni mgeni asiyeshika jembe, na kila siku hutaka kulishwa.