Hombolo: Kasha la Kamera, Maji ya Tope na Akiba ya Wawili

Mwambie mtu wa Dodoma mjini kwamba Jumamosi unakwenda Hombolo kujaribu kasha la kamera ya chini ya maji, uone atakavyokucheka. Hombolo? Kule watu wanakujua kwa zabibu, kwa perege na kwa Chuo cha Serikali za Mitaa. Mambo ya kujifunga mtungi wa hewa mgongoni ni ya Mafia, Pemba na Mnemba. Lakini kama unaishi Makao Makuu, na wewe na mwenzi wako mnapanga kwenda kuzamia pwani, msomaji wangu, safari ya Hombolo inaweza kukuokolea hela nyingi.

Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka 1957 kuzuia maji ya mto Kinyasungwe. Liko kama kilometa 40 kaskazini mashariki mwa mji. Usitegemee matumbawe. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na yana chumvichumvi, mitumbwi imelala pembeni, ndege wa majini wamesimama kwenye tope kana kwamba wanasubiri mshahara, na nyuma yako kuna mashamba ya zabibu ambazo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Upepo haupumziki, na unakuja na vumbi. Hilo vumbi likumbuke, tutalirudia.

Niliongozana na wachumba wawili. Kaka ana cheti cha kuzamia tangu alipokuwa akifanya kazi Tanga. Dada alihamia Dodoma na wizara yake na hajawahi kuzama hata mita moja. Fungate wanataka Mafia, na akiba wameiweka pamoja. Tatizo ni kwamba kaka ana kamera kubwa anayoipenda kupita kiasi, na alikuwa amepania kuinunulia kasha la alumini. Kasha la namna hiyo linaweza kupita bei ya kamera yenyewe. Tena linachongwa kwa modeli moja tu. Ukibadilisha kamera mwakani, kasha linabaki pambo la sebuleni. Bado hujanunua kioo cha mbele, taa na mikono ya kuzishikia.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mimi nitakuwa wapi wakati wewe unapiga hizo picha?"

"Kwenye boti," kaka akajibu. Jamani! Wote tukanyamaza, hata mvuvi aliyetukodishia mtumbwi.

Siku ile tulikuwa na kasha la kuazima, la plastiki ngumu, la kamera ndogo. Majaribio ni rahisi. Huweki kamera ndani. Unaweka karatasi laini ya chooni, unafunga, unafungia jiwe kwa nje kwa sababu kasha tupu huelea, unateremsha kwa kamba na kusubiri nusu saa. Ukilitoa, lifute nje kwanza, kisha ufungue. Karatasi ikiwa na hata alama ya unyevu, kuna tatizo. Ndoo ya nyumbani inafaa kwa kuanzia, ila bwawa linakupa mita kadhaa za kina, na makasha mengi yanayovuja huanza kuvuja kwenye mita hizo za mwanzo, kabla maji hayajalikandamiza vizuri. Na tafadhali, fanyeni kazi yote kutoka kwenye mtumbwi, mmevaa maboya. Msiingie kuogelea, mabwawa yetu yana kichocho.

Kinachozuia maji ni oringi, ule mpira wa duara kwenye mdomo wa kasha. Unywele mmoja, uzi wa kitenge au chembe ya mchanga ikikaa juu yake, kamera imekwenda. Ndiyo maana hufungi kasha ufukweni Hombolo wakati upepo unavuma. Fungia ndani ya gari, vioo vimepandishwa, mikono imefutwa. Grisi ya silikoni ni kidogo tu, oringi ing'ae basi. Wanaoipaka kama mafuta ya nywele wanakaribisha uchafu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawana haja ya kuliwaza. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Ukilifunga kasha hapa ukaenda nalo Mafia, hewa nzito ya kule italibana mpaka mlango ugome kufunguka. Ukilifunga pwani ukarudi nalo huku, hewa iliyo ndani itakuwa inasukuma kutoka nje. Safiri nalo likiwa wazi, oringi kwenye kifuko chake. Kwa upande wa ukungu kwenye lenzi, ukavu wetu ni neema; kwenye joto la pwani, weka ndani vile vipakiti vinavyokuja na boksi la viatu.

Ununue lipi, basi? Simu ndani ya mfuko wa plastiki wa shingoni ni ya ufukweni, usizame nayo. Kamera nyingi ndogo za michezo kama GoPro za miaka ya karibuni zinavumilia mita 10 zenyewe, na zikiwa ndani ya kasha lake hufika mita 60. Olympus TG-6 ya mwaka 2019 inakwenda mita 15 bila kasha na mita 45 ikiwa na kasha lake la plastiki. Linganisha na hili: kozi ya kwanza ya kuzamia inamruhusu mtu kufika mita 18. Alumini ya nini? Ukiniuliza mimi, alumini ni ya mtu anayelipwa kwa picha zake.

Rangi nyekundu hupotea mapema ukishuka, hivyo taa ndogo itakusaidia kuliko kasha la bei mbaya. Na sogea karibu. Kadiri maji yanavyojaa kati yako na samaki, ndivyo picha inavyofanana na bwawa la Hombolo.

Kubwa zaidi ni macho. Chini ya maji mwenzi wako wa kuzamia ndiye hewa yako ya akiba. Mpiga picha aliyezama kwenye vitufe 15 vya kasha kubwa anaweza kukaa dakika nzima bila kugeuka. Chagua kasha unaloweza kulitumia kwa mkono mmoja.

Kaka na dada walichukua kasha la plastiki na kamera ndogo, na iliyobaki ikalipia kozi ya dada. Kama watakwenda kati ya Oktoba na Machi, papa potwe wa Kilindoni hutazamwa juu juu tu, bila mtungi, na zamu ya kamera hapo ni ya dada, wameshakubaliana. Kurudi wametenga siku nzima ya kupumzika Dar es Salaam, kwa sababu treni ya SGR inakufikisha mwinuko wa Dodoma kwa saa chache, na mwili uliozamia mara kadhaa unahitaji angalau saa 18 kabla ya kupanda juu.