Kijani cha Mgomba

Mtu akitaja sanaa katika nchi yetu, aghalabu wasikilizaji hufikiri ngoma, ngonjera, vinyago vya Wamakonde, na labda ufinyanzi. Uchoraji hukumbukwa mwishoni, na uchoraji wa rangi za mafuta hukumbukwa na wachache zaidi. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mengi yameandikwa juu ya ngoma zilizodharauliwa na wakoloni. Juu ya brashi na turubai yameandikwa machache, tena mara nyingi kwa kuuliza swali moja tu: je, jambo hili ni letu? Sisi tuliokaa majuma matatu Buganguzi, katika Wilaya ya Muleba, tukijifunza uchoraji huo, tunalo neno la kusema kuhusu swali hilo, ijapokuwa tulipofika huko tulikuwa tukifikiri zaidi juu ya mvua.

Tulikuwa walimu kumi na mmoja, katika likizo ya Desemba. Aliyetufundisha alikuwa mzee aliyestaafu, ambaye hakupenda kuitwa profesa wala msanii. Alitaka aitwe Fundi, nasi tukamwita hivyo. Siku ya kwanza alitugawia rangi tano: nyeupe, manjano, nyekundu, buluu, na ile ya kahawia iliyokoza ambayo hutokana na udongo uliochomwa. Mmoja wetu akauliza kwa adabu kama kijani kimesahauliwa Bukoba. Fundi akajibu kwamba kijani kipo nje, twende tukakitazame, kisha turudi tukitengeneze wenyewe.

Msomaji asiyeifahamu nchi ya Wahaya hana budi kuelezwa kwamba mtu hukaa humo baina ya rangi mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, lenye kivuli na unyevu mwaka mzima; na kuna rweya, yaani mbuga ya majani iliyo wazi, ambayo hugeuka rangi kufuata mvua na jua. Kwa mbali mgeni huona kijani kimoja cha kibanja kikipakana na kijani kingine kilichopauka cha rweya. Fundi alitukalisha chini ya mgomba mmoja asubuhi nzima, hata matako yakalowa, akatuamuru tuhesabu. Jani changa lililokuwa halijakunjuka lilikuwa karibu na manjano. Jani pana lililopigwa na jua kwa nyuma liling'aa kama kioo cha taa. Jani lile lile, mtu akisimama upande wa jua, lilikuwa la kijivu chenye buluu, kwa sababu uso wake una nta na nta hurudisha rangi ya mbingu. Upande wa chini ulikuwa umepauka kama uliopakwa unga. Mibuni iliyokuwa pembeni ilikuwa na kijani kizito, karibu na cheusi. Tulifika tisa, tukabishana juu ya cha kumi.

Hapo ndipo tulipoanza kuifikiria lugha yetu. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazokubali viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda la mzambarau, na ipo rangi ya damu ya mzee ambayo hakuna mwanafunzi asiyeijua. Wako wanaosema huu ni umaskini wa lugha. Sisi hatukubaliani nao. Mtu anayesema kahawia amekwisha kuitazama kahawa, na hiyo ndiyo kazi yote ya mchoraji. Isitoshe, mtoto wa Buganguzi huyajua mambo ya kahawa ambayo neno lenyewe haliyasemi: buni huanza kijani, huingia manjano, huiva nyekundu, kisha huanikwa hata ikawa karibu nyeusi. Fundi alitupa tawi moja la mbuni lenye hatua zote hizo akasema tulichore, na zoezi hilo lilitushinda siku mbili.

Tulishindwa kwanza na kivuli. Kila mmoja alikitia nyeusi, kwa kuwa tangu utoto tumeambiwa kivuli ni cheusi, na matokeo yake yalikuwa majani yaliyoonekana kama yameungua. Fundi hakuwa na rangi nyeusi kabisa. Alituonyesha kwamba kijani kikitiwa nyekundu kidogo hupoa na kuingia kivulini bila kufa. Kwamba kila rangi ina mwenzake aliye mbali nayo, wa kuituliza akichanganywa nayo na wa kuiwasha akiwekwa kando yake. Buni nyekundu ilikuwa imelala kimya katikati ya ubao wa mwenzetu mmoja hata alipoizungushia kijani cha baridi. Ndipo ikaruka mbele. Kanuni hii imo katika vitabu, lakini kuiona ikitendeka mkononi mwako ni jambo jingine.

Kuhusu mafuta yenyewe, yafaa tueleze, maana jina huwadanganya watu. Dukani Muleba ukiomba rangi ya mafuta utapewa kopo la rangi ya milango na vyuma. Hiyo nayo ina heshima yake: kwa rangi za namna hiyo, juu ya vipande vya hadibodi, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianzisha Dar es Salaam mwaka 1968 mtindo unaoitwa kwa jina lake mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe alifariki mwaka 1972. Rangi ya kopo hukauka upesi na kung'aa. Hutaka mkono usiosita na mipaka iliyo wazi. Rangi tuliyoitumia sisi ni unga wa rangi uliosagwa katika mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kutoa mvuke kama maji, bali hunywa hewa na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Ndiyo sababu mafuta ya nazi hayafai: hayakauki kamwe. Ya alizeti hukauka kwa kusuasua. Na kwa kuwa mafuta ya kitani yakinywa hewa hutoa joto, matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pembeni huweza kushika moto yenyewe, bila kiberiti. Kila jioni Fundi alianika matambara yetu moja moja kwenye kamba nje, na hakumruhusu mtu mwingine kufanya kazi hiyo.

Uzuri wa rangi hii ni subira yake. Unaweza kuipaka leo, ukalala, ukarudi kesho ukailainisha pale jani linapoingia kivulini. Lakini ina sheria isiyovunjwa: tabaka la chini liwe kavu, lenye tapentaini nyingi na mafuta machache, na la juu ndilo liwe na mafuta. Ukigeuza, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na picha hupasuka kama ukuta uliokandikwa juu ya udongo mbichi. Mwalimu wa Kilimo aliyekuwa nasi, ambaye amejenga nyumba tatu za udongo, alielewa jambo hili kabla ya sisi sote, akawa ndiye anayetusimamia.

Turubai hatukuwa nazo. Tulichukua amerikani, tukaiwamba katika fremu za mbao, tukaipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa chaki, chaki zile zile za darasani, kwa maana mafuta yakigusa nguo moja kwa moja huiozesha. Kisha mzee mmoja wa kijiji akatuletea kipande cha olubugo, yaani nguo ya gome la mtoma, ambayo ndiyo iliyokuwa ikivaliwa Buhaya kabla ya pamba kuenea. Tukaipaka gundi tupu ili rangi yake isipotee. Ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, na mara tukaona faida yake: kwenye amerikani nyeupe kila rangi ilionekana nyeusi kupita kiasi, bali juu ya olubugo mtu alianzia katikati, akipandisha mwanga na kushusha kivuli. Wachoraji wa Ulaya, Rembrandt miongoni mwao, walipaka turubai zao rangi ya udongo kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Juma la pili buluu ilianza kwisha. Fundi alitueleza kwamba buluu hiyo, inayoitwa ultramarini, maana yake ni ng'ambo ya bahari. Zamani ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Afuganistani, na bei yake Ulaya ilishindana na ya dhahabu, hata Mfaransa Guimet alipogundua namna ya kuitengeneza kiwandani katika miaka ya 1820. Nyekundu, kinyume chake, ilikuwa chini ya viatu vyetu. Tulichimba udongo kando ya njia, tukauosha katika ndoo, tukaacha mchanga utulie, tukamimina maji mekundu katika chombo kingine, tukayaacha yakauke, tukausaga unga huo pamoja na mafuta juu ya kioo cha dirisha. Tulipata rangi nzito, tulivu, isiyopauka kwa jua. Wekundu huo ni kutu ya chuma. Wachoraji wa kale walioacha michoro myekundu katika miamba ya Bwanjai, kaskazini ya mkoa huo huo, waliujua. Na mafundi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka elfu mbili iliyopita, kama Peter Schmidt na Donald Avery walivyowatangazia wataalamu mwaka 1978.

Kwa hiyo ulipozuka mjadala jioni moja, mwenzetu mmoja akidai kwamba tunajifunza sanaa ya wageni, hatukukosa la kumjibu. Alisema kweli kwamba uchoraji huu uliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa shule, hasa Makerere, alipofundisha Margaret Trowell tangu miaka ya 1930. Lakini Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma kwake na kisha Slade huko London, alichora nini kwa rangi hizo? Picha yake ya mwaka 1956, iliyonunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Buganguzi pombe hiyo ni rubisi, na hakuna asiyejua safari ya namna hiyo. Elias Jengo naye, aliyesoma Makerere na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, hakuhitaji ruhusa ya mtu kuchora maisha ya watu wake. Na mgomba wenyewe ulitoka Asia karne nyingi zilizopita. Amwambie Mhaya kwamba si wake, aone atakavyojibiwa. Mwenzetu hakuridhika. Alisema mgomba umekaa, rangi hii haijakaa. Tunakiri kwamba hoja yake ina uzito.

Siku mbili baadaye bibi aliyekuwa akitupikia alipita kati ya picha zetu zilizoegemezwa ukutani. Akasimama mbele ya ile ya mwalimu wa Hesabu. Huyu hakuwa mchoraji wa kusifiwa, ila alikuwa mtiifu: Fundi alikuwa amekataza kuchora tunachokijua badala ya tunachokiona, naye alichora alichokiona. Majani ya chini ya mgomba wake yalikuwa ya kijani, na jani moja la katikati lilikuwa la manjano, limelegea kama lililochomwa na maji ya moto.

"Walimu wangu," akasema bibi, "mgomba huu mmeuona wapi?"

"Uko nyuma ya jiko, Bibi," akajibu mwenye picha.

Alikwenda bila kuvaa viatu, nasi tukamfuata. Jani la chini la mgomba mzima hugeuka manjano kwa uzee, lakini jani la katikati halina sababu ya kufanya hivyo. Ua lilikuwa limesinyaa. Bibi alikata ndizi moja, na ndani yake palikuwa na doa la rangi ya kutu. Ulikuwa mnyauko, ule ugonjwa uliozuka Uganda mwaka 2001 na kuthibitika Kagera mwaka 2006, ambao umewaachia watu wengi vibanja vitupu. Mgomba uling'olewa mchana huo huo pamoja na machipukizi yake, kisu kikapitishwa motoni, na majirani wakaambiwa wasivunje maua ya migomba yao kwa panga, bali kwa kijiti chenye panda, kisichogusa utomvu wa mgomba mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Mpaka tulipoondoka hakuna mgomba mwingine ulioonekana kuugua pale. Mwalimu wa Hesabu alitaka kulifuta lile jani la manjano. Bibi alimkataza, akaiomba ile picha, akaitundika jikoni.

Siku ya mwisho tuligawana vilivyobaki. Nyeupe ndiyo iliyokuwa imekwisha kabla ya zote, kwa kuwa kila mwanga huihitaji, na mwalimu yeyote atakayeanzisha darasa la namna hii na anunue nyeupe mara tatu ya rangi nyingine. Buluu ilibaki theluthi ya mrija mmoja. Tulipiga kura, ikamwangukia mwalimu wa Kilimo. Udongo mwekundu tuliujaza katika kopo la maziwa, tukaumiminia maji juu ya mafuta usije ukashika hewa, nao umebaki huko Buganguzi kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha pili. Picha zetu hatukuweza kuzibeba, maana mvua haikuwa imekatika na zilikuwa bado mbichi.